Nondo ya 12: Jina au Kipimo?

Mjomba wangu anaishi Gahanna, mji mdogo ulio ubavuni mwa Columbus. Kila siku ya kazi huamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kujenga nyumba za watu. Nyumba yake mwenyewe inajengwa Morogoro, na anaijenga kwa simu. Mwaka jana fundi wake alimtumia ujumbe: "Bosi, tumefika lenta. Tunahitaji nondo 12 vipande 40, nondo 8 vipande 25, waya wa kufungia, saruji mifuko 30." Mjomba alituma fedha siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata binamu yangu, ambaye ni mfanyabiashara wa mahindi na ana mizani yake, alipita pale akaipima nondo moja kwa udadisi tu. Ilikuwa na kilo 9.

Nondo yenye kipenyo cha milimita 12 na urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na takriban kilo 10.7. Yenye kilo 9 ina kipenyo cha milimita 11 hivi. Milimita moja inaonekana kitu kidogo, lakini nguvu ya nondo inategemea eneo la chuma chake, na eneo hilo hupungua kwa haraka kuliko kipenyo. Ukipoteza milimita moja katika 12, umepoteza karibu asilimia 16 ya chuma. Kwa hesabu hiyo, katika vipande 40 mjomba alilipia zaidi ya vipande 6 ambavyo havikuwapo.

Binamu alikwenda dukani kulalamika. Muuzaji hakukasirika wala hakukana. Alisema: "Ndugu yangu, hiyo ndiyo 12 ya dukani. Ukitaka 12 kamili, useme."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wengi wetu tungesema muuzaji ni mwizi na fundi ni mshirika wake, kisha mjadala ungeishia hapo. Mimi naona tatizo lilianza kabla ya hapo, katika ujumbe wenyewe. Fundi aliandika "nondo 12". Hakuandika 12 ya nini. Sokoni, 12 imekwisha kuacha kuwa kipimo na kugeuka kuwa jina, kama vile tunavyomwita mtu Mrefu hata kama si mrefu. Muuzaji aliuza kitu chenye jina hilo. Nani atamshitaki, na kwa maneno gani?

Kabla sijaendelea, nimtetee fundi. Watu wa ughaibuni, wawe Columbus, Louisville au Buffalo, hupenda kuamini kwamba fundi huchagua duka kwa sababu ya cha juu. Cha juu kipo, tusidanganyane. Lakini mjomba alipomuuliza fundi kwa utulivu, alipata sababu nyingine. Duka lile humkopesha fundi saruji pale fedha za bosi zinapochelewa. Lina pikapiki ya kupeleka mzigo hadi mtaani. Likiletewa mfuko ulioganda, hubadilisha bila ugomvi. Fundi mwenye vibarua wanne wanaosubiri ujira wa siku hawezi kuzunguka mji mzima akilinganisha bei. Huenda anakofahamika.

Nilipomsikiliza mjomba akieleza jinsi mwajiri wake wa Ohio anavyonunua mbao, nilikuta sababu zile zile. Huyo naye ana duka lake moja. Linampa mzigo kwanza, analipa mwisho wa mwezi. Linaleta mbao kwa mpangilio wa kazi, za kuta kwanza, za paa baadaye. Zilizopinda linazirudisha. Kwa hiyo tusiseme kwamba mjenzi wa Marekani huchagua kwa sayansi na wetu huchagua kwa undugu. Wote wawili huchagua kwa mazoea, kwa mkopo na kwa usafiri.

Tofauti iko kwenye ubao wenyewe. Mbao za kujengea nyumba Marekani hubeba muhuri unaoonyesha daraja la ubao, aina ya mti, kama ulikaushwa, namba ya kiwanda kilichoupasua na shirika lililosimamia upangaji wa daraja. Mbao za tabaka zinazowekwa chini ya vigae vya paa hugongwa tarakimu mbili, kwa mfano 24/16. Ya kwanza ni nafasi kubwa inayoruhusiwa, kwa inchi, kati ya nguzo za paa. Ya pili ni nafasi hiyo kwa upande wa sakafu. Kabla kuta hazijafunikwa, mkaguzi hupita na kuangalia. Mjenzi anaweza kununua kwa rafiki yake apendavyo, ila kitu alichonunua kinajieleza chenyewe mbele ya mtu wa tatu.

Hata huko mihuri haizuii kila kitu. Katika miaka iliyozunguka kimbunga Katrina cha 2005, mbao za jipsamu zilipokuwa adimu, wajenzi wengi wa Florida na Louisiana walinunua zilizotoka China. Baadhi yake zilitoa gesi za salfa zilizotia kutu nyaya za shaba na kuharibu viyoyozi, na familia zikalazimika kuhama nyumba mpya. Waliozinunua walichukua kilichokuwepo kwa wakati ule. Jambo hili linatufundisha kwamba anayechagua kwa haraka hukosea popote alipo, na kwamba anayeumia mara nyingi si yule aliyechagua.

Turudi nyumbani. Vifaa vyetu navyo vina alama, ila ni nani anayezisoma? Mfuko wa saruji umeandikwa 32.5 au 42.5. Hiyo ni nguvu inayotarajiwa baada ya siku 28, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Herufi R maana yake saruji inapata nguvu mapema, na N ni ya mwendo wa kawaida. Bati lina geji, na hapa wengi huteleza, kwa sababu namba ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Nimewahi kumsikia mtu mzima akijisifu kwamba ameongeza fedha kidogo akapata geji "kubwa zaidi". Maskini, alilipa zaidi akapewa pungufu.

Mashirika ya viwango yapo: TBS Tanzania, KEBS Kenya. Kuna wasomaji watakaoniambia kwamba hii ni kazi yao, na kwamba wadanganyifu hawazuiwi kwa sarufi. Nakubali kwamba wakaguzi wanahitajika, tena wengi zaidi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Huko Huruma, Nairobi, jengo la makazi lilianguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 likaua wapatao 50. Sidai kwamba nondo nyembamba ndizo zilizowaua watu hao. Nasema tu kwamba jengo halina huruma kwa maneno yaliyofichwa. Mkaguzi akifika, atahitaji kulinganisha kilichopo na kilichoagizwa. Kama kilichoagizwa ni "nondo 12", hana cha kulinganisha.

Hapo ndipo chama chetu kinapohusika. Tunafanya makongamano ya istilahi, tunajadili maneno ya kompyuta na ya unajimu, na BAKITA imekuwapo tangu 1967 kusimamia kazi kama hiyo. Lakini andiko la Kiswahili linalobeba akiba ya maisha ya familia nyingi ni ile orodha ya fundi, na sisi wanafunzi wa Kiswahili hatujawahi kuifungua tukaisoma. Haina haja ya maneno mapya. Mafundi wanayo tayari: msingi, jamvi, lenta, kenchi, zege, kokoto, plasta. Kinachokosekana ni sentensi kamili. Badala ya "nondo 12 vipande 40", iandikwe: "Nondo za kipenyo cha milimita 12, urefu mita 12, kila moja isipungue kilo 10, vipande 40. Zitapimwa kwenye mizani kabla ya kupokelewa." Badala ya "saruji mifuko 30", iandikwe ni ya nguvu gani, ni ya kazi gani na iwe imetengenezwa lini.

Napendekeza muhula ujao tuandae fomu ya kurasa mbili ya kuagizia vifaa vya ujenzi, kwa Kiswahili ambacho fundi hataona aibu kukitumia. Tusiiandike darasani peke yetu. Tuwapigie simu mafundi watano, wa Morogoro, Mombasa, Bukavu na kwingineko, tuwasomee, waturekebishe. Walimu wetu wa tafsiri wanaweza kuifanya kuwa zoezi lenye alama. Kisha tuwape wazazi na wajomba zetu waitume pamoja na fedha.

Mjomba ameanza. Mwezi uliopita, kwa ajili ya kenchi na paa, alikaa mezani baada ya kazi akaandika orodha yake kwa sentensi kamili, nami nikamsaidia tahajia. Fundi alijibu kwa sauti, akicheka: "Bosi, sasa umenirahisishia. Duka likinipa pungufu, namwonyesha karatasi, siyo mimi ninayesema." Hakuhama duka. Bado ananunua pale pale anapokopeshwa, na pikapiki ni ile ile. Ila siku hizi nondo hupitia kwanza kwenye mizani ya mahindi.