Kilabu si Baa

Katika vyumba vya kusomea huzuka mara kwa mara hoja kwamba Kiswahili kimechafuliwa na majina ya mahali pa kunywea pombe. Hoja yenyewe husema hivi: kilabu, baa na grosari ni maneno ya kuokota, yote yametoka katika Kiingereza, na yote yana maana moja, basi yafagiliwe, na mahali pake liwekwe jina moja safi, kama vile nyumba ya vileo. Hoja hii ina sura ya usafi, lakini ndani yake mna ujinga wa mambo mawili: ujinga wa lugha na ujinga wa watu.

Na atoke mwenye hoja hiyo katika maktaba aende Mabibo, ambako yako mabweni ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la mtaa huo ni jina la tunda la mkorosho, tunda ambalo watu wa Mtwara na Lindi hulikamua wakapata uraka. Huko huko liko soko la ndizi ambalo watu wameliita Mahakama ya Ndizi, na ndizi zikichanganywa na ulezi huzaa mbege. Akiwa pale, amwulize mpita njia ilipo nyumba ya vileo. Mpita njia atamtazama, kisha naye atauliza: ipi, baa, grosari au kilabu? Swali hilo ni somo zima.

Kilabu ni mahali pa pombe ya kienyeji: komoni, mbege, wanzuki na nyinginezo, ambazo mara nyingi hupikwa na wanawake wanaosomesha watoto kwa faida yake. Watu hukaa mabenchini, na kinywaji hakikawii kuchacha. Baa ni mahali pa bia ya chupa, pa kaunta na wahudumu, pa muziki na nyama choma. Grosari ni ndogo kuliko baa. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya duka la vyakula. Lakini mtu aingiaye grosari ya Dar es Salaam kutafuta sukari atakuta bia, jokofu na viti vichache barazani. Mahali pasipo leseni huitwa baa bubu, kama gati isiyo halali iitwavyo bandari bubu, kwa kuwa hapana ulimi wa kusema mbele ya sheria. Ni mtaalamu gani angaliunda sifa bora kuliko hiyo? Na katika pwani ya Kenya, mahali pa kunywea mnazi huitwa mangwe. Mwenye kudai kwamba haya yote ni kitu kimoja ni kama mwenye kudai kwamba jahazi, mashua na ngalawa ni kitu kimoja kwa sababu vyote huelea.

Wala tofauti hizi hazikuzuliwa na walevi. Serikali ya kikoloni ilitenga kinywaji cha Mwafrika na kinywaji cha Mzungu, na mahali pa kunywea kila kimoja. Baada ya uhuru, Sheria ya Vileo ya 1968 nayo ilibakiza mpaka kati ya pombe ya kienyeji na vileo vingine. Sheria ya 1966 iliyohusu utengenezaji wa pombe ya kukenekwa, ingawa iliandikwa kwa Kiingereza, iliiita pombe hiyo moshi. Watunga sheria waliazima neno la watu, lakini msomi huona haya kulitumia.

Haya hiyo ndiyo shina la jambo. Neno moja la Kiingereza limezaa watoto wawili katika Kiswahili. Mmoja ni klabu: wako Yanga tangu 1935, wako matajiri na viwanja vyao vya gofu. Wa pili ni kilabu: wako wachukuzi, mafundi na wapika pombe. Ajabu ni kwamba kilabu ndilo lililofuata matamshi ya Kiswahili, likaingia katika ngeli ya kitabu na kiatu, bali klabu limebaki na mwandamano wa konsonanti za kigeni. Umbo la Kiswahili hupewa maskini, na umbo la Kizungu hupewa mheshimiwa. Lakini wingi huwakutanisha: magazeti huandika vilabu vya soka, na polisi huandika vilabu vya pombe, wala hapana msomaji anayepotea. Kinachofagiliwa na wasafishaji, basi, si Ukiingereza wa neno. Kama ungalikuwa Ukiingereza, wangalianza na klabu.

Madhara yake si madogo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama za Tanzania. Hukumu inayoandikwa kwa Kiswahili haina budi kutambua kama mtu alikamatwa kilabuni, grosarini au katika baa bubu, maana leseni hutofautiana na kosa hutofautiana. Jina moja safi litamweka mpika komoni mwenye kibali chake katika kapu moja na muuzaji wa magendo.

Watasema kwamba kuyahifadhi maneno haya ni kuusifu ulevi. Sivyo. Kamusi ina maneno wizi, rushwa na ndui, wala hapana aliyeugua ndui kwa kuisoma. Wajibu wa mtunga kamusi ni kulipa kila neno maana yake, na wajibu wa mwalimu ni kuifundisha maana hiyo bila kukunja uso. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na msomi akisifiwa mno kwa usafi wa lugha, huitia maji lugha yenyewe.