Pwani wakati wa mvua: bei imeshuka, lakini hasara ikitokea ni ya nani?

Mvua ikishika Eldoret, njia za ndani za Langas zinageuka matope, gambuti zinatolewa chini ya kitanda, na matangazo ya Pwani yanaanza kumiminika kwenye simu. Diani siku nne bei nusu. Nyali nyumba ya vyumba vitatu, lipa leo ofa isiishe. Wateja wetu hututumia picha za matangazo hayo na swali lao huwa lile lile: tulipe ama tusilipe?

Msimamo wetu ni huu. Kwenda baharini msimu wa mvua ni uamuzi mzuri, hasa kwa mtu ambaye Desemba hawezi kugusa bei za Pwani. Lakini bei ya chini si zawadi. Mwenye nyumba anakupunguzia kwa sababu kuna uwezekano mvua iharibu safari, na mara nyingi hataki hasara hiyo imwangukie yeye. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ufuo gani ni mzuri, uliza mambo mawili: tunaenda tarehe gani, na safari ikiharibika pesa ni ya nani?

Mvua yetu si mvua yao

Watu wengi wa huku juu hupanga safari wakiangalia dirisha lao. Ikinyesha Langas wanadhani inanyesha mpaka Mombasa. Sivyo. Uasin Gishu hupata mvua kuanzia Machi au Aprili mpaka karibu Septemba, na Julai na Agosti ni miezi ya mvua na baridi kali. Pwani ina kalenda yake. Masika huanza mwisho wa Machi, hufika kilele Mei, halafu hupungua Juni. Vuli hurudi Oktoba mpaka Desemba mwanzo. Agosti, wakati sisi tumevaa jaketi mbili, Pwani kuna manyunyu ya hapa na pale, upepo wa kusi na jua la kutosha.

Hata saa za mvua ni tofauti. Hapa Eldoret tumezoea asubuhi safi na mvua ya alasiri. Pwani mvua mara nyingi hupiga usiku na alfajiri, kisha anga linafunguka. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda Aprili mwanzo na bado aogelee kila siku. Lakini Mei ni jambo jingine. Mei inaweza kunyesha siku nzima, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa mwezi huo kufanya ukarabati. Ukiona ofa kubwa kuliko zote ni ya katikati ya Mei, usishangae. Bei inakuambia kitu.

Kwa hivyo kama mko watu wazima watupu, kwa mfano chama, sisi tungechagua wiki ya mwisho ya Juni badala ya Mei. Mvua imeshaanza kuchoka, wageni bado ni wachache, na bei haijapanda sana. Kama una watoto wa shule, likizo ya Agosti ni salama kuliko ya Aprili. Jua tu kwamba Malindi na Watamu hupokea Waitaliano wengi Agosti, kwa hiyo huko usitarajie bei ya chini.

Pesa nayo ina msimu wake. Mahindi ya huku huvunwa Oktoba mpaka Desemba, na hapo ndipo mifuko ya wengi, hata ya wafanyabiashara wa Langas wasio na shamba, huwa na uzito. Bahati mbaya Desemba ndipo Pwani iko ghali zaidi. Ikifika Aprili, pesa imeingia kwa mbegu, mbolea na karo ya muhula wa pili. Ndiyo maana tunasema ukitaka Pwani ya Juni, ianze Januari: fungua akiba ya kufunga kwenye simu, iwekee tarehe ya Juni, na kila wiki uingize kiasi ambacho hakitakuumiza. Safari ya kukopa, halafu inyeshewe, inauma mara mbili.

Chagua ufuo kwa kuuliza: ikinyesha tutafanya nini?

Wakati wa jua, ufuo wowote wa Kenya unaweza kukupendeza. Wakati wa mvua, tofauti zinajitokeza.

Mombasa na Nyali si sehemu tulivu zaidi, lakini mvua haikufungii chumbani. Kuna Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na ambayo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2011. Kuna Mji wa Kale, kuna maduka, kuna mahali pa kula biriani mkisubiri anga litulie. Diani ina barabara ya lami inayofuata ufuo, kwa hiyo hata kukinyesha mnaweza kutoka bila kukwama, na mwamba wa matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi. Watamu pia ina mwamba wake na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1968, na karibu kuna magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke. Malindi ni mji mzuri, lakini Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini mwake, na wakati wa mvua mto huo hubeba udongo mwekundu kutoka bara. Ukienda kwa sababu ya picha za maji ya samawati, unaweza kukuta maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Sehemu zinazohitaji mashua ndizo za kufikiria mara mbili. Lamu unavuka kutoka Mokowe. Wasini na hifadhi ya Kisite-Mpunguti unatoka Shimoni. Kusi likivuma kwa nguvu, bahari inachafuka na safari zinaahirishwa, na nahodha anayekataa kutoka siku hiyo anakufanyia hisani. Kama moyo wako uko kwa pomboo na kupiga mbizi, subiri miezi ya bahari tulivu, kati ya Desemba na Machi. Usilipie safari ya mashua ya Mei ukiwa Langas. Ilipie ukiwa pale, asubuhi ile ile, ukiiona bahari kwa macho yako.

Kutoka Langas mpaka ufuoni kuna kilomita 800

Ofa nyingi huzungumzia kitanda na kiamshakinywa tu. Mtu wa Langas ana kazi nyingine: kufika. Eldoret mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, halafu kuna karibu 500 hadi Mombasa. Katika mvua kubwa, safari inaweza kuharibika mahali ambapo hata bahari hujaiona.

Hatutishi mtu. Tunakumbusha. Novemba 2023, mvua za El Niño ziliharibu barabara ya Mombasa kwenda Malindi pale Mbogolo, na wasafiri wakakwama. Aprili 2024 basi lilisombwa na maji katika barabara ya Garissa, kaunti ya Tana River, na abiria waliokuwamo, zaidi ya 50, wakaokolewa. Tarehe 29 mwezi huo huo mafuriko ya Mai Mahiu yaliua makumi ya watu, na Mai Mahiu iko katika mojawapo ya njia tunazopita tukitoka Nakuru kuelekea Nairobi. Siku chache baadaye, mwanzo wa Mei, Kimbunga Hidaya kilikaribia pwani ya Tanzania. Feri kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na huku kwetu watu wa Pwani walionywa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa.

Si kila mwaka huwa hivyo. Lakini ratiba ya msimu wa mvua inahitaji nafasi ya kupumua. Lala Nairobi usiku mmoja badala ya kuunganisha mabasi mawili. Kutoka Nairobi, SGR hukuepusha na barabara. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, na bado ni nafuu. Ukishuka Miritini na unaenda Diani, barabara ya Dongo Kundu inakufikisha upande wa Kwale bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Na wiki ya safari, soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, si ule uliotumwa na shangazi kwenye grupu bila tarehe.

Hesabu ya punguzo

Sasa tufike kwa pesa. Chukua mfano. Nyumba ya chama Desemba ni shilingi 12,000 kwa usiku. Mei unaambiwa 7,000. Kwa usiku nne umeokoa 20,000, na kila mtu kwenye chama anapiga makofi.

Lakini mwenye nyumba anataka 28,000 zote leo, na pesa hazirudi. Barabara ikikatika, ama mtoto wa mmoja wenu augue, chama kinapoteza 28,000 ili kujaribu kuokoa 20,000. Hiyo si ofa, hiyo ni kamari.

Nyumba ile ile, masharti mengine: 9,000 kwa usiku, mnatanguliza 10,000, zilizobaki mnalipa mkifika, na mkishindwa kufika kwa sababu ya mafuriko mnahamisha tarehe ndani ya miezi sita. Hapa mnalipa 8,000 zaidi kwa jumla. Lakini siku mbaya kabisa, kilicho hatarini ni 10,000, na hata hizo bado zinawapa nafasi ya kwenda baadaye. Sisi tungechukua hii ya pili bila kufikiri sana. Bei si kipimo cha ofa peke yake. Pima pia kiasi kinachoweza kupotea ukiwa bado Langas.

Tunajua mwenye nyumba naye ana upande wake. Msimu wa mvua ni msimu wake wa njaa. Ana mlinzi wa kulipa, ana mfanyakazi wa usafi, na mgeni anayeghairi siku ya mwisho anamwacha na nyumba tupu. Ndiyo sababu hatusemi usilipe chochote. Dipoziti ya haki inamlinda yeye dhidi ya mgeni mwenye maneno mengi, na masharti ya kuhamisha tarehe yanakulinda wewe dhidi ya mvua. Anayekataa kabisa kubeba hata sehemu ndogo ya hatari, huku akikuambia ulipe sasa hivi, amekuonyesha vile atakavyokuhudumia.

Kabla ya kuweka PIN

Sisi ni kampuni ya malipo, na ungetarajia tukuambie ulipe haraka. Tunasema kinyume. Kutuma pesa kunachukua sekunde chache, kuzirudisha ni hadithi nyingine.

Watu wengi wanaamini kwamba wakitapeliwa watapiga simu na malipo yatafutwa. Kurudisha malipo kunafaa zaidi pale ulipokosea namba, na pesa bado ziko pale zilipoenda. Ukimtumia mtu kwa hiari yako, akazitoa kwa wakala dakika tano baadaye, kilichobaki ni kesi ya polisi. Hakuna kitufe cha kurudisha imani.

Kwa hivyo fanya mambo haya kwa utaratibu. Lipa kwa till ama paybill ya biashara, si namba ya mtu binafsi unayoambiwa ni ya kaka wa meneja. Jina likitokea kwenye simu, lisome polepole, na kama halilingani na jina la biashara, simamisha. Omba mtu akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba hiyo, akuonyeshe geti na barabara ya nje, kwa sababu picha nzuri zinaibiwa kila siku. Uliza kama wana leseni ya Tourism Regulatory Authority, ambayo ndiyo husajili nyumba za wageni na hoteli. Masharti ya kuahirisha yaandikwe kwa ujumbe kabla ya kulipa, si baada. Na ujumbe wa uthibitisho wa malipo usiufute mpaka mrudi nyumbani.

Kwa chama kuna jambo moja la ziada. Msitumie pesa zote kwa namba ya mtu mmoja "mwenye anajua Mombasa", hata kama mnampenda. Mweka hazina atume, mwenyekiti aone, na ujumbe uwekwe kwenye grupu saa hiyo hiyo. Tumeona urafiki wa miaka ukiisha kwa sababu ya elfu kumi ambazo hakuna aliyejua zilienda wapi.

Bahari si ya watalii wa Desemba peke yao. Mama mboga wa Langas aliyeweka shilingi 200 kila wiki ana haki ya kukanyaga mchanga ule, na msimu wa mvua ndio unaompa nafasi. Lakini pesa yake ilichukua miezi kuingia kidogo kidogo, na haifai kutoka yote kwa jioni moja kwa sababu mtu ameandika ofa inaisha saa sita usiku. Nyumba za Pwani wakati wa mvua ni nyingi kuliko wageni. Ofa ikiisha leo, kesho kutakuwa na nyingine, na wewe ndiye mwenye kuchagua.