Waridi Halina Karati

Nasema mapema ili tusije tukalaumiana: makala hii ni ya kugombana. Nagombana na wauza vito wanaotuzuga, nagombana na wazee wanaotucheka, na mwisho nagombana na sisi wenyewe tunaojiita wasomi. Sababu ya ugomvi wote huu ni kitu kidogo kinachoingia kwenye kidole. Ni pete.

Shemeji yangu ni mkulima wa alizeti huku kwetu Singida. Alipotaka kufunga ndoa na dada yangu aliuza magunia yake, akaja mjini, akaingia duka la vito. Akaoneshwa pete yenye wekundu wa kupendeza. Akaambiwa, "Hii siyo dhahabu ya kawaida, kaka. Hii ni dhahabu ya waridi. Karati 18. Wanaovaa hii ni watu wazito." Mtaani tunaiita rozigoldi. Shemeji akalipa bei ya karati 18, taslimu, akatoka kifua mbele.

Haukupita mwaka, pete ikaanza kufifia, ikaingia weusi upande wa kiganja. Mama akaiona. Hakumwambia mkwewe kitu, mambo hayo hayasemwi uso kwa uso, alimtuma shangazi. Shangazi naye akayafikisha kwa ukali wake: "Mtoto wetu ameolewa kwa shaba?" Shemeji akaapa kwa Mungu. Dada akalia. Ikabidi mimi, kwa vile ndiye ninayeonekana nimesoma, niichukue ile pete nikaitafutie ukweli wake.

Nikaipeleka kwa sonara mmoja mzee. Hakuuliza mengi. Aliiweka chini ya lenzi, akaitazama upande wa ndani, akacheka. Kisha akaisugua kwenye jiwe jeusi, ikaacha mstari, akaudondoshea tindikali, akauangalia.

"Dhahabu hii," akasema. "Siyo feki. Ila ni karati 9, siyo 18. Na imeandikwa humu ndani. Nyie hamkusoma?"

Ilikuwa imeandikwa. Tarakimu tatu, ndogo kama miguu ya sisimizi: 375. Shemeji hakuiona. Dada hakuiona. Na mimi, ninayesoma vitabu mpaka taa inazimika, niliishika ile pete siku ya harusi na sikuisoma.

Basi ndugu msomaji, nikuhamishie darasa nililolipata siku ile kwenye benchi la sonara.

Kwanza, hakuna mgodi wa dhahabu ya waridi. Haichimbwi Sekenke, haichimbwi Londoni ile yetu ya Manyoni, haichimbwi hata Afrika Kusini. Rangi hiyo inapikwa. Katika metali wanazotumia masonara kila siku, dhahabu na shaba ndizo zenye rangi; fedha, zinki na platinamu ni nyeupe au za kijivu. Ukiitia dhahabu shaba, inakuwa nyekundu. Ukiitia na fedha kidogo, wekundu unapoa. Siri yote ni hiyo.

Pili, hesabu. Karati 24 ni dhahabu tupu. Karati 18 ni sehemu 18 katika 24, yaani asilimia 75, na mhuri wake ni 750. Karati 14 mhuri wake ni 585. Karati 9 ni 375. Sasa chukua hiyo ya karati 18. Asilimia 25 iliyobaki ndiyo inayozaa majina. Ikiwa yote ni shaba, unapata dhahabu nyekundu hasa. Shaba ikiwa kama 22 na fedha kama 3, wanaiita ya waridi. Shaba ikiwa 20 na fedha 5, inaingia kwenye pinki. Kila fundi ana vipimo vyake vinavyopishana kidogo na vya mwenzake, lakini angalia jambo moja: zote tatu zina dhahabu ileile, 75. Hakuna iliyo "adimu" kuliko nyingine. Kinachopanda na kushuka humo ni shaba, ndugu yake waya wa umeme.

Tatu, na hapa ndipo shemeji alipopigwa: rangi hiyohiyo unaweza kuipata kwa karati 9. Pete ya gramu 4 ya karati 18 ina gramu 3 za dhahabu. Pete ya gramu 4 ya karati 9 ina gramu moja na nusu. Mkulima wa watu alilipia gramu 3, akapewa nusu yake, na wekundu ukafunika pengo. Ule weusi nao ulikuwa ni shaba iliyojaa mle ndani, inakutana na jasho na hewa. Waridi halina karati, jamani! Rangi haikwambii kitu kuhusu kiasi cha dhahabu. Tarakimu ndiyo inayokwambia.

Chini kabisa ya ngazi ipo ya kuchovya: shaba nyeupe au shaba ya manjano iliyovalishwa ngozi nyembamba ya dhahabu, au hata rangi tu. Na chini ya hiyo ipo isiyo na dhahabu hata ya kulambisha. Mwaka 2015 kampuni ya Apple ilitoa simu ya iPhone 6s na rangi yake mojawapo ikaitwa rozigoldi. Ganda la simu ile lilikuwa aluminiamu. Jina lilishatoka kwenye chungu cha sonara, likaanza kutembea lenyewe mjini, likiuza simu, saa, kucha na makochi. Muuza duka anayekwambia "ni rozigoldi" bila kutaja karati hajakwambia kitu. Amekutajia rangi.

Sasa nigeukie wazee wa kijiweni. Hawa wao wana jibu moja: dhahabu ni ya njano, hiyo nyekundu ni uhuni wa vijana. Wazee wangu, shikamooni, lakini hapo mmeteleza. Hata hiyo njano ya karati 18 mnayoisifu imechanganywa. Ndani yake mna robo nzima ya fedha na shaba, mara nyingi nusu kwa nusu. Tofauti ni vipimo tu. Na dhahabu nyekundu siyo kazi ya mvivu. Sonara yule alinieleza kwamba ukiipasha moto halafu ukaiacha ipoe polepole, dhahabu na shaba zinajipanga upya humo ndani, inakuwa ngumu na kavu, ukiigonga nyundo inapasuka. Lazima uijue saa yake uizamishe majini ingali moto. Fundi asiyejua hilo anaharibu mali ya mtu.

Tena historia ya mkoa wetu inawajibu. Sekenke, kule Iramba, ambako madereva wa malori wanauogopa ule mteremko, Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916, walipozingirwa na hela kuwaishia, waliipeleka dhahabu ile Tabora wakapiga sarafu za rupia 15, zaidi ya 16,000, zenye picha ya tembo na milima nyuma yake. Sarafu ile ilikuwa dhahabu asilimia 75. Robo ilikuwa kitu kingine. Kuna aliyeiita feki? Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanaitafuta kwa udi na uvumba, na vipimo vyake vinajulikana mpaka sehemu ya gramu. Kuchanganya siyo dhambi. Dhambi ni kuficha ulichochanganya.

Na sasa sikilizeni ubabe wa mambo haya. Tangu mwaka 2019 nchi yetu ina masoko ya madini. Mchimbaji mdogo anayetoka Shelui na kidonge chake cha dhahabu, mikono ikiwa bado na vumbi la karasha, anapimiwa. Uzito wake unaandikwa. Mashine inasema ana dhahabu asilimia ngapi na fedha asilimia ngapi, na bei inafuata hapohapo. Anakatwa mrabaha. Hakuna anayemwambia "hii ni ya waridi" akakubali. Lakini dhahabu hiyohiyo ikishazunguka dunia ikarudi Singida ikiwa pete ndani ya kiboksi chekundu, inauzwa kwa maneno matamu! Ikitoka kwetu inahojiwa chembe kwa chembe. Ikirudi kwetu inapita bila swali. Uingereza sheria ya mwaka 1973 inataka kitu cha dhahabu kinachozidi gramu 1 kipimwe na kugongwa mhuri na ofisi isiyo ya muuzaji ndipo kiuzwe kwa jina la dhahabu. London ya kwao inapima. Londoni ya kwetu inatoa jasho, halafu inauziwa rangi.

Na sisi tunaoshika kalamu je? Hatujasalimika. Fungua madaftari ya vijana wa hapa mjini, langu likiwemo: penzi safi kama dhahabu, moyo safi kama dhahabu, lugha safi kama dhahabu. Mwandishi mwenzangu, umewahi kuishika hiyo dhahabu safi? Ni laini. Pete ya karati 24 inakwaruzika na kupinda kwa kazi za kawaida za mikono. Tumeishi juu ya dhahabu, mabasi yetu yanapita Sekenke kila siku, na bado tunaandika kuhusu dhahabu maneno tuliyoyaokota kwenye nyimbo za redio. Mchimbaji tunamwandika kama mlevi wa pombe, sonara hatumwandiki kabisa. Tungekuwa tumekaa naye siku moja tu kwenye benchi, tungejua ile tarakimu, na mkulima mmoja asingeliwa.

Shemeji alirudi dukani. Akajibiwa kwa utulivu kabisa, "Lakini kaka, si imeandikwa humo ndani?" Ndiyo ilikuwa imeandikwa. Mdomo ulisema 18, mhuri ukasema 9, na risiti ikasema "pete 1". Basi kesi ikaishia hapo.

Kwa hiyo madai yangu ni mafupi. Kila duka la vito liandike kwenye risiti mambo matatu: karati ngapi, gramu ngapi, na je, ni ya kuyeyushwa yote au ya kuchovya. Atakayeona uzito kuandika hayo, ujue ana sababu. Na wewe kijana unayejiandaa kuoa, kabla hujafumbuliwa pochi, igeuze pete, itie kwenye mwanga, usome. Kama macho hayafiki, omba lenzi. Wakikunyima lenzi, toka.

Pete ya dada bado iko kidoleni. Anaifuta kwa kitambaa, inang'aa, na kwa kweli wekundu wake ni mzuri. Mama ameshasamehe. Shangazi bado.

Naomba kutoa hoja.