Ukituuliza "Nani?", ni haki yako tujibu

Tuseme ni saa mbili usiku, uko Mtongwe, upande wa Likoni. Mita imeanza kupiga kelele, stima inakaribia kuisha. Unatoa simu, unanunua tokeni za shilingi 200, unaweka PIN, unangoja. Baada ya muda mfupi SMS inaingia na tarakimu 20. Unazibonyeza kwenye mita, taa zinabaki zikiwaka na watoto wanamaliza kazi ya shule. Kwako ni jambo la dakika moja.

Lakini ombi lako limepita mikono mingi. Limetoka kwenye simu, likapita mtandao wa simu, likafika kwenye kompyuta za kampuni ya malipo kama yetu, likaenda Kenya Power, kisha jibu likarudi mpaka kwako. Kompyuta hizo hazikai nyumba moja, wala hazina mwenyewe mmoja. Kwa hivyo kabla ya kutendeana lolote, zinaulizana maswali mawili: wewe ni nani, na kuna mtu mwingine anayetusikiliza?

Swali la kwanza tunalijua vizuri hapa Pwani. Mtu akipiga hodi, unauliza, "Nani?" Akijibu "Mimi", unamtambua kwa sauti. Kompyuta haitambui sauti. Ikiambiwa "mimi" na kampuni ya kweli au na mkora aliyejifungia chumbani, inasikia neno lile lile. Ndiyo maana inadai ushahidi. Safaricom ilifungua Daraja mwaka wa 2017, yaani mlango ambao biashara hupitia kuunganisha mifumo yao na M-Pesa. Ukitaka kuingia hapo, mfumo wako huonyesha kwanza funguo zake za siri, halafu unapewa kibali kinachodumu saa moja tu. Kikiisha, unapiga hodi upya. Hata mtu akikiiba kibali, hawezi kukitumia milele.

Swali la pili linajibiwa kwa usimbaji fiche: ujumbe unageuzwa kuwa fumbo ambalo mwenye ufunguo pekee ndiye anayeweza kulifumbua. Anayeuchungulia njiani anaona takataka tu.

Mita ya stima nayo ina somo lake. Haihitaji intaneti ili kujua tokeni ni halali. Zile tarakimu 20 zimefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake, na ndani yake kuna alama ya wakati. Jirani akizipiga picha, kwake hazifanyi kazi. Wewe mwenyewe ukizirudia kesho, mita inakataa.

Alama hiyo ya wakati ndiyo iliyoleta shughuli ya mwaka wa 2024. Mita za aina hii duniani kote zilikuwa zikihesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Kenya Power ikawaambia wateja wake waingize kwanza seti mbili za tarakimu 20 kila moja, ndipo waingize tokeni walizonunua. Kwa mafundi lilikuwa jambo la kawaida. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mteja wa Magongo, Changamwe. Miaka yote ameambiwa ajihadhari na ujumbe wa ajabu ajabu. Mara moja anapata ujumbe wa ajabu kuliko wote, tarakimu 60, anaambiwa azibonyeze zote. Akiuliza, "Nitajuaje kama hii si ya wakora?", ana makosa gani?

Sisi tunasema hana kosa hata moja. Na hapo ndipo tunapotaka kujisema sisi wenyewe tulio kwenye biashara hii.

Mashine zetu zinathibitishana pande zote mbili. Baina yetu na mteja, uthibitisho unakwenda upande mmoja tu. Mteja anaombwa PIN, kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa. Sisi tunampigia tu na kusema, "Ni huduma kwa wateja." Hiyo ni "mimi" ya mlangoni, na mkora naye anaijua. Kisha mtu akitapeliwa tunakimbilia kumlaumu: "Kwa nini ulitoa PIN?" Tumemzoesha kujibu maswali yetu bila kutuuliza lake, halafu tunashangaa anapomjibu mwizi.

Mama anayekaanga viazi karai Kisauni akipoteza shilingi 3,000, huo ni mtaji wa kesho. Pole yetu hainunui mafuta wala viazi. Kwa hivyo tunaona mambo manne yafaa yawe desturi.

Moja, tukikupigia, una haki ya kukata simu na kutupigia wewe kwa nambari unayoijua tangu zamani, si ile uliyotajiwa kwenye simu hiyo. Hutakuwa umetukosea adabu. Mfanyakazi anayekasirika kwa hilo ndiye mwenye kasoro. Na PIN yako hatuihitaji kwa mdomo, hata siku moja.

Mbili, dirisha la kuweka PIN likitokea ghafla kwenye simu na si wewe uliyeanza kulipa, lifute. Na ukiwa unalipa kweli, soma jina na kiasi kabla ya kubonyeza. Jina hilo ndilo jibu la "Nani?" yako.

Tatu, ndugu mwenye duka, SMS iliyo kwenye simu ya mteja si pesa. Hata SMS iliyoingia kwako kutoka nambari ya kawaida si pesa, iwe imeandikwa vizuri namna gani. Angalia salio lako au taarifa ya akaunti, ndipo utoe mzigo. Mteja mwaminifu atangoja nusu dakika.

Nne, na hili ni la kampuni na mafundi wanaounganisha malipo: taarifa ya kwamba "mteja amelipa" isiaminiwe kwa sababu tu imefika. Mfumo wako urudi kuuliza kwa mwenye daftari kama malipo hayo yapo, ni ya kiasi gani, na kama hayajatumika tayari. Mita ya Mtongwe inakataa tokeni iliyokwisha kutumika. Mfumo wa biashara yako usishindwe na mita.

Tunajua haya yatachelewesha mambo kidogo. Simu zitakatwa, maswali yataongezeka, na foleni kwa wakala itasogea polepole. Bora iwe hivyo. Umetukabidhi pesa zako hata uso wetu hujawahi kuuona, basi kujitambulisha ni deni letu kwako. Tukibisha hodi, uliza "Nani?" Na tukishindwa kujibu, usifungue mlango.