Ledi Ni Nani?

Mwezi huu hebu tulitazame neno moja la Kiingereza ambalo limezoea kuingia majumbani mwetu bila kupiga hodi. Neno lenyewe ni "lady", au ledi kama tulitamkavyo.

Jumamosi moja jioni nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati. Binti yangu kitinda mimba alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, nikamwita aje anisaidie. Akaja hadi mlangoni, akazitazama kucha zake, kisha akacheka. "Mama, ledi haingizi mikono kwenye unga." Sikukasirika sana, maana najua alikolitoa. Sisi sote tuliosoma bweni tuliambiwa hivyo hivyo: kaa kama ledi, kula kama ledi, usicheke kwa sauti kama mtu asiye ledi. Nikiwa bado natafuta jibu, dada anayetusaidia kazi za nyumbani akalichukua bakuli mikononi mwangu, akaendelea kukanda kimya kimya.

Usiku ule, watoto walipokwisha kulala, nikaifungua kamusi kubwa ya Kiingereza. Nilichokikuta kilinifanya nicheke peke yangu. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, neno hilo liliandikwa "hlæfdige". Sehemu ya kwanza, "hlaf", ni mkate. Sehemu ya pili yatoka katika shina lenye maana ya kukanda, ambalo ndilo lililozaa pia neno "dough", yaani donge la unga. Kwa hiyo ledi, kwa asili yake, ni mwanamke akandaye unga wa mkate!

Na mumewe je? Yeye alikuwa "hlafweard", mlinzi wa mkate. Neno hilo lilifupishwa na kusagika midomoni mwa watu karne hata karne mpaka likawa "lord", neno lile lile ambalo Biblia ya Kiingereza hulitumia pale ambapo sisi tunasema Bwana. Mume alilinda mkate na mke aliukanda. Waliobaki katika nyumba hiyo, yaani watu walioishi chini ya mkono wa mwenye nyumba, nao walikuwa na jina lao: "hlafæta", mla mkate. Jina hilo limo katika sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, yule aliyewapokea wamisionari waliotoka Roma mwaka 597. Aliyemwua mla mkate wa mtu huru alitakiwa kulipa shilingi 6, shilingi za zamani hizo, si hizi zetu. Nyumba nzima ilipewa majina kutokana na mkate.

Msidhani kwamba mkandaji huyo alikuwa mtu wa kukaa jikoni tu. Mwaka 911 mtawala wa Mercia, nchi iliyokuwa katikati ya Uingereza, alifariki, na mjane wake Æthelflæd akashika utawala peke yake. Hakuitwa malkia. Cheo chake kilikuwa Ledi wa Watu wa Mercia, kwa neno lile lile la mkanda unga. Alijenga ngome, akatuma jeshi likauteka mji wa Derby mwaka 917 kutoka mikononi mwa Wadenmark, na mwaka uliofuata mji wa Leicester ukajisalimisha kwake bila vita. Alifariki mwaka huo huo wa 918. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, na binti huyo akakaa mahali pa mama yake kwa miezi michache kabla mjomba wake hajamwondoa. (Habari za wajomba na mali za marehemu hazikuanzia kwetu!)

Baadaye neno likatanda kila upande. Wakristo wa Uingereza walimwita Mariamu mama wa Yesu Ledi Wetu, na tarehe 25 Machi, siku ya kukumbuka alipopashwa habari na malaika, ikaitwa Siku ya Ledi. Kwa karne nyingi Waingereza waliuanza mwaka wao mpya siku hiyo, hadi kalenda yao ilipobadilishwa mwaka 1752. Hata yule mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, rafiki wa bustani anayekula vidukari, jina lake la Kiingereza limetokana na Mariamu. Mke wa mtu mwenye cheo ni ledi. Mke wa rais ni ledi wa kwanza. Mama mwenye nyumba anayekudai kodi naye ni ledi wa aina yake. Mlango wa maliwato ya wanawake umeandikwa hivyo pia. Na bamia, akina mama, kwa Kiingereza huitwa vidole vya ledi, ingawa ukiviulizia kwa jina hilo sokoni watakushangaa.

Neno letu la bibi nalo limetembea: kwa mmoja ni mwanamke wa heshima, kwa mwingine ni mke, kwa mwingine ni mama mzaa mama. Lakini bibi halikugeuka kichwa chini miguu juu kama lilivyogeuka ledi. Katika Uingereza ya karne ya 19, katika nyumba za wenye nacho, ledi alikuwa ni yule ambaye mikono yake haigusi kazi. Kadiri alivyokuwa na watumishi wengi wa kumkandia, ndivyo alivyozidi kuwa ledi. Maana hiyo ndiyo iliyopanda meli ikaja hadi kwenye mabweni yetu.

Nilidhani nimemaliza, kumbe nikakuta jambo jingine lililoniondolea usingizi. Kutoka katika shina lile lile la kukanda lilitoka neno la pili, "dæge". Huyu naye alikuwa mwanamke mkanda unga, lakini yeye alikuwa mtumishi. Baadaye kazi yake ikawa ya kushughulikia maziwa na siagi, na jina lake limejificha hadi leo ndani ya neno "dairy", mahali pa maziwa. Wanawake wawili, unga mmoja, shina moja. Mmoja akapanda hadi kuitwa kwa heshima, na mwingine akabaki kwenye ndoo za maziwa, wala hakuna anayekumbuka kwamba jina lake limo humo.

Jumapili baada ya ibada nilimweleza binti yangu yote haya, nikiwa na furaha ya mzazi aliyeshinda hoja. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, bila ubishi wowote, "Kwa hiyo Mama, ledi wa nyumba hii ni dada?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Dada amekaa nasi mwaka wa nne sasa. Huamka kabla yangu. Unga wa nyumba hii anaukanda yeye mara nyingi kuliko mimi, na ile Jumamosi nilikuwa nimeingia jikoni kwa sababu tu mtoto amerudi. Chakula chake hukilia jikoni, kwenye kigoda, sisi tukishamaliza, na chapati zinazomfikia ni zile za chini ya hotipoti, zilizoungua upande mmoja. Sikuwahi kumwagiza ale huko. Wala sikuwahi kumwambia asile huko.

Binti yangu hakungoja jibu langu. Alikwenda kunawa mikono, akapima unga, akatia chumvi na mafuta, akaanza kukanda huku dada akimcheka kwa jinsi alivyomwaga maji mengi. Mimi nikaenda kutoa kiti kimoja chumbani, nikakiweka mezani. Mume wangu alikitazama kile kiti, akanitazama mimi, akasogeza cha kwake.

Chapati zilitoka ngumu kama ubao. Dada alikula mbili, akasema ni tamu.