Mafuta ghali: Nyumbu aitazame barabara ya Mgeta

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na wakulima wa Mgeta huzijua kabla gazeti halijafika. Huzijua kwa nauli. Bei ikipanda, mwenye Canter anaongeza nauli ya gunia asubuhi hiyo hiyo. Ikishuka, atakuambia bado ana mafuta ya zamani kwenye tangi. Mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita Serikali iliingiza ruzuku, lakini kabichi ya Nyandira haiwezi kushushwa kwa ruzuku miaka yote.

Anayelipa ni mkulima. Mnunuzi wa Soko Kuu la Chifu Kingalu hajali gharama za barabara ya Sangasanga hadi Langali; anaangalia mzigo uliopo sokoni siku hiyo. Nauli ikiongezeka, inakatwa shambani.

Je, wanaotengeneza magari katika nchi zetu wana jibu? Nyumbu, lile shirika la Kibaha lililoanzishwa enzi za Mwalimu Nyerere, lilitengeneza lori lake, lakini lori hilo halikuenea sokoni. Kenya walizindua Nyayo Pioneer mwaka 1990 nalo halikufika kwa wateja. Mobius, pia la Kenya, lilibuniwa kwa ajili ya barabara mbovu. Agosti 2024 kampuni yake ilitangaza kufunga shughuli, ndipo akajitokeza mnunuzi. Wakubwa nao huanguka. Mafuta yalipopanda mwaka 2008, General Motors na Chrysler za Marekani, zilizotegemea faida ya magari makubwa yanayokunywa mafuta, zilikuwa hoi, na mwaka 2009 zote mbili ziliomba ulinzi wa mahakama wa mufilisi. Wahandisi walikuwa nao tele. Walichokosa ni gari la mtu aliyebanwa na bei ya mafuta.

Kwetu mtu huyo yuko milimani. Na hapa Uluguru ina jambo ambalo tambarare haina: mzigo unashuka, gari linapanda likiwa karibu tupu. Tani moja ya viazi ikishuka mita 1,000, na Nyandira iko juu ya mji wa Morogoro kwa zaidi ya hapo, inaachia nishati ya karibu uniti 2.7 za umeme. Kwenye Canter sehemu kubwa ya nishati hiyo huishia kuchoma breki. Aliyewahi kushuka na mzigo kutoka Langali anaijua harufu yake. Mota ya umeme hufanya kinyume. Gari likishuka, mota inageuka jenereta, inalishika gari lisikimbie na kurudisha umeme kwenye betri. Hata ikirudi nusu tu, ni sehemu nzuri ya safari ya kupanda kesho yake.

Hii si ndoto ya mwandishi. Uswisi, kwenye machimbo karibu na Biel, kuna lori kubwa la umeme linalopanda tupu na kushuka na tani 65 za mawe, na kwa kushuka huko hupata karibu umeme wote linaouhitaji. Sisi tunahitaji kitu kidogo zaidi: guta imara la magurudumu manne, la kubeba tani moja, lisilo na haja ya kwenda mwendo wa basi. Kiira ya Uganda imekwisha kuchagua umeme kwa mabasi yake ya Kayoola. Nasi treni ya umeme imefika Morogoro tangu Juni 2024, na Bwawa la Nyerere linazalisha.

Najua yatakayosemwa. Betri ni ghali, na huo ni ukweli. Ndiyo maana isiuzwe kwa dereva mmoja, bali imilikiwe na AMCOS au SACCOS na kukodishwa kwa siku. Umeme hukatika. Masika barabara ni tope, na kupanda si tupu kila siku, maana mbolea na saruji nazo hupanda. Basi gari lisitangazwe kwa sherehe Dar es Salaam kabla halijapita masika moja Mgeta.

Nyumbu ni mnyama wa tambarare, lakini shirika lenye jina lake lina karakana na mafundi, na Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine chenye wahandisi wa zana za kilimo. Watengeneze magari matatu tu. Wawape wakulima wa Nyandira na Langali kwa msimu mmoja, wapime kila gunia na kila uniti, kisha watubandikie hesabu kwenye ubao wa soko la Chifu Kingalu, pembeni ya nauli ya Canter.