Hatua za Mgonjwa Zihesabiwe, Asihukumiwe Kwazo

Mgonjwa anayengojea upasuaji mkubwa hukabiliwa na swali zito: je, mwili wake una nguvu za kustahimili kisu na nusukaputi? Kwa miaka mingi swali hilo limejibiwa kwa jicho la daktari na kwa maneno machache tu: "Waweza kupanda ngazi za orofa mbili bila ya kupumzika?" Mgonjwa hujibu, daktari huandika, na shauri huwa limekwisha.

Sasa imedhihirika kwamba jicho hilo hukosea mno. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 25 za Kanada, Uingereza, Australia na New Zealand, kwa wagonjwa 1,401 waliokuwa wakingojea upasuaji mkubwa usiohusu moyo. Madaktari walitoa makadirio yao, na wagonjwa wakapimwa pumzi huku wakiendesha baiskeli ya mazoezi. Miongoni mwa wale ambao kipimo kilionyesha kuwa nguvu zao ni haba, madaktari waliwatambua 19 tu katika kila 100.

Kipimo hicho cha baiskeli ni ghali na chahitaji mtaalamu. Ndiyo maana watafiti wamevigeukia vyombo vidogo vivaliwavyo mkononi mithili ya saa, ambavyo huhesabu hatua za mtu tangu alfajiri hadi usiku. Kuhesabu hatua si jambo jipya. Wajapani waliuza chombo cha namna hiyo tangu mwaka 1965. Lililo jipya ni kumpima mgonjwa angali nyumbani kwake, katika shughuli zake za kila siku. Mwaka 2023 madaktari wa Marekani walieleza kwamba, kati ya watu 475 waliofanyiwa upasuaji, wale waliokuwa wakitembea zaidi ya hatua 7,500 kwa siku walikuwa na uwezekano wa kupata matatizo uliopungua kwa takriban nusu.

Habari hizo ni njema, lakini yafaa zipokewe kwa uangalifu. Watu hao walivaa vyombo vyao wenyewe, na anayemudu kununua chombo hicho si mfano wa kila mgonjwa. Tena, uchache wa hatua hauna maana moja. Mwenye goti bovu hutembea kidogo ilhali moyo wake ni mzima. Mwenye uvimbe tumboni huenda amedhoofishwa na maradhi yale yale anayotaka kuondolewa. Kumrudisha nyumbani kwa sababu ya tarakimu peke yake ni kumwadhibu kwa ugonjwa wake.

Kwetu sisi Waafrika suala hili si la anasa. Mwaka huo huo wa 2018, Lancet lilitoa pia matokeo ya uchunguzi wa hospitali 247 katika nchi 25 za bara letu. Wagonjwa wetu walikuwa na umri mdogo na hatari ndogo kuliko wa kwingineko. Hata hivyo, kiwango cha waliofariki kilikuwa maradufu ya wastani wa dunia. Walio wengi kabisa hawakufa siku ya upasuaji, bali katika siku zilizofuata. Kumjua mapema aliye dhaifu, basi, ni kumjua nani alazwe karibu na meza ya muuguzi na nani atazamwe mara nyingi zaidi usiku.

Hatuna sababu ya kungojea saa za kigeni ndipo tuanze. Kumtembeza mgonjwa kwa dakika 6 na kupima umbali aliofika kwahitaji ukumbi wa mita 30, saa ya ukutani na muuguzi makini. Hata maswali yenyewe sharti yalingane na maisha ya anayeulizwa. Mama wa kijijini asiye na ngazi nyumbani aulizwe juu ya ndoo ya maji, kilima na jembe.

Na vyombo hivyo vitakapofika katika hospitali zetu, idadi ya hatua iwe mwanzo wa maandalizi: mazoezi, lishe bora, tiba ya upungufu wa damu na uangalizi wa karibu. Uamuzi wa kupasua au kutopasua ubaki baina ya daktari na mgonjwa wake, wakizungumza ana kwa ana.